Bagamoyo au Tanga: siku zako za mapumziko uzipeleke wapi?

Mwenye siku moja aende Bagamoyo. Mwenye siku tatu aende Tanga. Mwenye siku mbili ndiye mwenye kazi ya kuchagua, na yafuatayo yameandikwa kwa ajili yake: mtu wa Dar es Salaam, Chalinze au Morogoro anayependa magofu na makumbusho, anayebeba kitabu kwenye begi, anayetaka kumaliza jioni kwa filamu au ngoma, na asiyetaka kurudi nyumbani amechoka kuliko alivyoondoka.

Wengi hulinganisha miji hii kwa kuhesabu vivutio. Hesabu hiyo haifiki popote, maana yote miwili ina magofu ya kale, yote ina majengo ya Wajerumani, yote ina bahari. Tofauti iko kwenye namna mji unavyompokea mgeni. Bagamoyo inajieleza. Vitu vyake viko karibukaribu, vina vibao, na kila penye lango kuna mtu wa kukusimulia. Tanga ni mji wenye shughuli zake: bandari, viwanda, baiskeli zinazokatiza kila upande. Haujasimama kumsubiri mgeni, na usipouliza huelezwi. Ndiyo maana aliyekwenda Tanga bila kujiandaa hurudi akisema hakuna kitu, na aliyekaa Bagamoyo siku tatu hurudi akisema alimaliza yote siku ya kwanza. Miji haina kosa hapo. Wao ndio waliokosea hesabu ya siku.

Njia inakula nini

Bagamoyo iko kilomita 70 hivi kutoka katikati ya Dar es Salaam, lami mwanzo mwisho. Daladala zinatoka kituo cha Makumbusho. Kinachoamua muda wako ni foleni ya kutoka mjini mpaka uivuke Bunju. Ondoka saa 12 asubuhi, saa 3 utakuwa umeshakunywa chai Bagamoyo. Ukiondoka saa 3, jua la utosi litakukuta Kaole, na Kaole haina kivuli cha kutosha. Kurudi, ikwepe Jumapili jioni. Toka kabla ya saa 9 alasiri au ulale, uondoke Jumatatu alfajiri.

Tanga ni kilomita 350 hivi kwa njia ya Chalinze na Segera. Mabasi yanaondoka Kituo cha Magufuli, Mbezi Luis, na yanakushusha Kange, nje kidogo ya mji. Kutoka hapo ni daladala, bajaji au bodaboda. Weka saa 6, na usishangae zikizidi, kwa sababu barabara ya Chalinze hadi Segera ndiyo hiyohiyo ya malori na mabasi ya Moshi na Arusha.

Sasa piga hesabu. Basi la saa 12 asubuhi Jumamosi linakufikisha mchana. Ukipata chumba, ukaoga na kula, ni saa 9 au 10, na milango ya makumbusho inakaribia kufungwa. Jumapili, ukitaka kulala kwako, lazima uwe Kange mchana. Kwa hiyo "siku mbili" za Tanga ni vipande viwili vya nusu siku, na kimoja kati ya hivyo umekitumia kuoga. Dawa ni kuondoka Ijumaa. Ukilala Tanga Ijumaa, Jumamosi nzima ni yako, na hapo ndipo Tanga inapoanza kushindana na Bagamoyo.

Msafiri wa asubuhi anayetaka kusoma njiani aombe siti ya kushoto. Basi linaelekea kaskazini kwa sehemu kubwa ya safari, jua linapiga kulia. Chagua siti za katikati, usikae juu ya tairi la nyuma, maana huko maandishi hucheza mpaka kichefuchefu.

Kaole na Tongoni: magofu mawili yanayofanana kwa mbali

Hapa ndipo ulinganisho una utamu wake, kwa hiyo tutakaa kidogo.

Kaole iko kilomita 5 hivi kusini mashariki mwa mji wa Bagamoyo. Kuna mabaki ya misikiti, mkongwe wao ukihesabiwa kuwa wa karne ya 13, makaburi yapatayo 22, kisima, na jumba dogo la makumbusho lenye vyombo vilivyopatikana hapohapo, vikiwamo vipande vya kaure kutoka China. Tongoni iko kilomita 20 hivi kusini mwa mji wa Tanga, kwenye barabara ya Pangani. Ina msikiti mmoja na makaburi yapatayo 40, na ndiyo yenye makaburi mengi zaidi ya nguzo mahali pamoja katika pwani yote ya Afrika Mashariki. Vasco da Gama alipita maeneo hayo mwaka 1498, na mojawapo ya meli zake ilikwama kwenye mafungu karibu na hapo.

Kaburi la nguzo ni kitu cha pwani yetu, na inafaa kujua unachokitazama. Kuna ukuta mfupi wa mstatili uliozunguka kaburi, na upande mmoja nguzo inapanda juu. Vyote vimejengwa kwa matumbawe na chokaa. Tumbawe likiwa bichi, limetoka majini sasa hivi, ni laini na linakatika kwa shoka; likikauka linakuwa gumu. Ndiyo maana nakshi nyembamba, ile mistari na vijisanduku vya kuzunguka ukuta, zilichongwa kwenye tumbawe, na mawe ya kawaida ya pwani yakatumika kujazia. Sogea mpaka uso wako uwe kiasi cha shibiri moja kutoka ukutani: utaona vitundu vidogo vya tumbawe, vimejipanga kama sega la nyuki, na juu yake plasta ya chokaa iliyobaki vipandevipande.

Kisha tafuta vishimo vya duara, vina ukubwa wa bakuli la uji. Humo ndimo vilimopachikwa vyombo vya kaure. Vingi havipo tena. Vingine viliibwa, vingine vilihamishiwa makumbusho. Kaole ina faida hapa: unaona kishimo nje, kisha unaingia ndani ya jumba na kuiona aina ya chombo kilichokaa mle. Tongoni unabaki na kishimo, na akili yako. Nguzo nyingi za Tongoni zimeanguka, zimelala kwenye majani, na kwa mtu mwenye macho hiyo nayo ni faida, kwa sababu nguzo iliyovunjika inakuonyesha tumbo lake: ganda la matumbawe yaliyochongwa vizuri nje, na ndani kifusi kilichoshikwa kwa chokaa. Maji ya mvua yakipata ufa juu, chokaa huoshwa pole pole, mizizi inaingia, na nguzo inalegea kuanzia ndani huku nje ikionekana nzima. Kwa hiyo usiegemee nguzo iliyosimama kwa ajili ya picha, hata kama mwenzako anakuhakikishia.

Kwa wapiga picha: mihrabu za misikiti ya pwani yetu, vile vishubaka anamosimama imamu, zinaelekea kaskazini, kwa sababu Makka iko kaskazini mwetu karibu moja kwa moja. Uso wa mihrabu basi unatazama kusini. Mwezi wa 6 na wa 7 jua liko upande wa kaskazini, hivyo mihrabu iko kivulini kutwa na picha inatoka bapa. Mwezi wa 12 na wa 1 jua liko kusini, linaupiga ule uso, na asubuhi au alasiri vivuli vinaitoa nakshi yote. Hili halibadiliki ukiwa Kaole wala Tongoni.

Uamuzi: anayeona magofu kwa mara ya kwanza aanze na Kaole, kwa sababu ya makumbusho na maelezo. Kuna pia ule mbuyu mkongwe ambao watoto wanapenda kuuzunguka, na hadithi zinazoambatana na kuuzunguka zitategemea mwongozaji uliyempata. Aliyekwisha kuiona Kaole aende Tongoni. Ataelewa mara mbili zaidi, na huenda akawa peke yake mahali pale pote. Nyote mvae kwa heshima. Ni makaburi ya watu, na Kaole bado wako wanaofika kwa dua.

Makumbusho, na pango ambalo si makumbusho

Bagamoyo inashinda kwa mbali. Misheni ya Wakatoliki, iliyoanzishwa na Mapadre wa Roho Mtakatifu mwaka 1868, ina makumbusho bora kuliko ukubwa wa mji unavyokudokeza. Anzia ndani, kwenye picha na maelezo ya msafara na utumwa, ndipo utoke uende kwenye mnara wa kanisa la zamani ambamo mwili wa David Livingstone uliwekwa Februari 1874, baada ya watumishi wake, Chuma, Susi na wenzao, kuubeba kwa miguu kutoka nchi ambayo leo ni Zambia. Ukianza na mnara utaona mnara tu. Karibu na hapo kuna mbuyu uliopandwa siku za mwanzo wa misheni. Tafuta mnyororo kwenye shina lake. Kinachoonekana ni kipande kifupi cha chuma, sehemu iliyobaki imemezwa na mti. Mbuyu hunenepa kwa nje, na chochote kilichofungwa kiunoni mwake hatimaye huzama. Watu wengi hupita hatua mbili kutoka hapo bila kukiona.

Jumapili asubuhi kuna misa. Usiingie na kamera kana kwamba ni maonyesho, nenda alasiri.

Mji Mkongwe unatembeka kwa miguu: Karavanserai ambako wapagazi wa misafara walipumzika, Ngome Kongwe iliyojengwa 1860, Boma la Wajerumani la 1897, na Forodhani karibu na soko la samaki. Usivione vyote. Baada ya jengo la tatu la Kijerumani macho huchoka, na kila ukuta unakuwa ukuta. Karavanserai na Ngome Kongwe zinatosha, kisha tembea mitaani ukitazama milango ya nakshi na baraza za nyumba ambazo bado zina watu.

Vituo vya serikali vina kiingilio cha raia na cha mgeni wa nje, na cha raia ni nafuu sana. Beba kitambulisho, kwa sababu lafudhi yako si ushahidi. Malipo mengi ya serikali siku hizi hufanywa kwa kumbukumbu namba (control number) kupitia simu. Weka salio mapema, maana mtandao ukisumbua langoni, unayesubiri juani ni wewe. Ukichukua mwongozaji wa mtaani, kubalianeni kabla ya hatua ya kwanza: bei ni ya kundi au ya kichwa, ni sehemu zipi, na kiingilio kimo au hakimo. Ugomvi karibu wote wa Bagamoyo unatoka kwenye swali hilo la mwisho.

Tanga mjini una Makumbusho ya Urithi, ndani ya Boma la zamani karibu na bandari. Ni madogo na yana picha za kale za mji. Saa moja yatosha. Ila saa hiyo moja itumie mwanzo wa safari, siyo mwisho, kwa sababu ndiyo itakayokupa macho ya kuuona mji wenyewe: mnara wa saa, stesheni ya reli iliyoanza kujengwa kuelekea Usambara mwaka 1893, makaburi ya vita. Vita vya Tanga vya Novemba 1914 vinajulikana hata leo kwa jina la vita vya nyuki, kwa sababu makundi ya nyuki yalivuruga askari vichakani. Bila maelezo hayo utapita mahali palipotokea jambo kubwa ukidhani ni kiwanja.

Kinachoipa Tanga uzito ni Mapango ya Amboni, kilomita 8 hivi kaskazini mwa mji, upande wa barabara ya Mombasa. Ni mapango ya chokaa. Utasikia kwamba yanafika Mombasa au mlima Kilimanjaro. Wapimaji waliofika 1994 walikuta mapango kumi yaliyotengana, na lililo refu kuliko yote halifiki hata kilomita moja. Simulizi isikilize hata hivyo, ni sehemu ya mahali pale, kama ilivyo habari ya Osale Otango, mtu aliyesakwa na serikali, aliyejificha humo zama za ukoloni. Mapango ya ndani yana pia sehemu ya mzimu ambako watu huacha sadaka. Usiguse, usipige picha bila kuuliza.

Huingii Amboni bila mwongozaji, na vema. Vaa viatu vilivyofungwa vyenye soli ya kushika. Sandozi ndizo zinazoangusha watu, hasa wakati wa masika na siku chache baadaye, mawe yakiwa bado na unyevu. Beba tochi yako, ya kichwani ikiwezekana, maana kuna mahali pa kuinama na kushika ukuta kwa mikono miwili, na tochi ya simu itakulazimisha kuchagua kati ya simu na mkono. Popo wapo. Mwenye pumu afikirie mara mbili, kwa sababu hewa ya ndani ni nzito na kinyesi cha popo kina harufu kali. Mwenye kuogopa mahali pembamba amwambie mwongozaji nje, siyo katikati.

Kwa msomaji wa vitabu

Hapa mizani inageuka kabisa. Shaaban Robert alizaliwa Vibambani, Machui, upande wa kusini wa mji wa Tanga, tarehe 1 Januari 1909. Alifariki Juni 1962, na amezikwa Machui. Kwa kuwa Machui na Tongoni ziko upande mmoja wa mji, safari ya bodaboda au bajaji inayoanza asubuhi inaweza kuunganisha vyote viwili ukarudi mjini kula mchana. Patana bei ya kwenda, kusubiri na kurudi, siyo ya kwenda tu. Tongoni hupati usafiri wa haraka wa kurudi. Ufikapo Machui, salimia kwanza, uliza wenyeji wakupeleke kaburini. Kaburi liko kijijini mwa watu, na salamu ndiyo kiingilio.

Safari hiyo haina maana kwa asiyewahi kumsoma. Kabla ya kuondoka nyumbani soma tawasifu yake, Maisha Yangu na Baada ya Miaka Hamsini, siyo ndefu. Utamkuta karani wa serikali anayehamishwa kituo hadi kituo na bado anaandika, na mji utausoma tofauti. Shairi moja lake likisomwa kwa sauti ufukweni jioni lina ladha ambayo darasa la Kidato cha Nne halikulitendea haki.

Maktaba ya Mkoa wa Tanga ni jengo la miaka ya 1950, na mtu anayependa vyumba vya kusomea atapenda kukaa humo hata bila kuazima. Ipangie siku ya kazi, usiitegemee Jumapili. Ukitaka magazeti au vitabu vya zamani, nenda na mwaka au jina la mwandishi mkononi. "Nataka vitu vya zamani vya Tanga" ni ombi linalomchosha mkutubi, na utaletewa chochote kilicho karibu.

Bagamoyo haina cha kulingana na hayo kwa fasihi. Ina kitu kingine: utulivu wa kusomea. Mchana mji unanyamaza, ufukwe una vivuli vya minazi, na ukishamaliza kuona, hakuna kinachokuita. Kitabu cha kurasa 200 kinaisha kwa siku mbili bila kujilazimisha.

Filamu

Hapa hakuna mshindi. Tanga ilikuwa na majumba makubwa ya sinema enzi hizo, Majestic likiwa mojawapo, na wazee wa mjini wanaweza kukutajia nani alikaa viti vya juu na nani vya chini. Siku hizi kote kuwili utabaki na kibanda umiza au chumba chako.

Kibanda umiza kina raha yake, hasa filamu ya nje iliyotafsiriwa kwa sauti na mtu anayeongeza vichekesho vyake. Angalia ratiba ya mpira kwanza. Siku ya Simba au Yanga hakuna filamu, na hata ukiomba hutasikilizwa.

Wanaopendelea chumbani hubeba filamu kwenye flashi na kuichomeka kwenye televisheni ya nyumba ya wageni. Mara nyingi inagoma, na sababu zinajulikana. Televisheni za zamani husoma flashi iliyopangwa kwa mfumo wa FAT32 tu, na FAT32 haipokei faili linalozidi GB 4. Kwa hiyo filamu nzito inakataa kunakiliwa tangu nyumbani, au ukibadilisha mfumo wa flashi, televisheni haiioni. Chukua nakala nyepesi ya MP4, yenye GB 1 hadi 2. Ukisikia sauti bila picha, filamu imebanwa kwa H.265, mbinu mpya ya kubana video, na televisheni inajua ile ya zamani, H.264, pekee, hakuna kitufe cha kurekebisha hilo, kwa hiyo hakikisha kabla hujaondoka. Ukitaka maandishi chini ya picha, faili lake, lile linaloishia na srt, lipewe jina lilelile la filamu herufi kwa herufi na likae folda moja. Na pakua kila kitu nyumbani. Intaneti ya nyumba ya wageni saa 3 usiku inagawanwa na vyumba vyote.

Sanaa ya kuona na ya jukwaani

Bagamoyo tena, na bila ubishi. TaSUBa, chuo cha sanaa kilichoanza mwaka 1981, kiko hapo, na kinachofanya mji uwe na wasanii kila kona ni wahitimu waliokataa kuondoka. Tamasha lake la kila mwaka ndilo kubwa, lakini nje ya tamasha usidhani kuna onyesho kila jioni. Piga simu au pita mchana uulize jioni kuna nini. Siku za masomo unaweza kusikia ngoma za mazoezi, na mazoezi wakati mwingine yana uhai kuliko onyesho lenyewe, kwa sababu mwalimu anasimamisha, anarekebisha mguu, wanaanza tena. Wiki ya tamasha vyumba hujaa. Weka nafasi mapema au ulale Dar na kurudi usiku, jambo linaloua raha yote.

Picha na vinyago vinauzwa kwa wingi, na hapa ndipo pesa hupotea. Picha za Tingatinga, mtindo ulioanzishwa na Edward Saidi Tingatinga Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1960, huchorwa kwa rangi ya mafuta inayong'aa. Rangi hiyo hukauka juu kwa siku moja, ndani bado mbichi, na unyevu wa pwani unaichelewesha zaidi. Bonyeza pembeni kwa ukucha, polepole, kwa ruhusa ya mchoraji: ukucha ukiacha alama, picha haijaiva. Ukiikunja hivyo itajigandisha yenyewe kwa yenyewe, na ukifika nyumbani utaibandua pundamilia pamoja na nusu ya twiga. Iliyoiva ikunjwe uso wenye rangi ukiwa nje, kwenye bomba pana la sentimita 10 au zaidi. Wengi hukunja rangi ndani wakidhani wanailinda. Hapo rangi hubanwa na kujikunja, na ikifunguliwa inapasuka mistari.

Kinyago cha mpingo kijaribu kwa maji. Mpingo ni mzito kuliko maji, kipande chake huzama. Mti mwingine uliopakwa kiwi cha viatu huelea, na ukiupangusa kwa kitambaa chenye unyevu unaacha weusi. Muuzaji mkweli hatakataa jaribio. Muuzaji atakayekuambia maji yanaharibu mpingo, muage.

Tanga kwa upande huu inakupa usanifu wa majengo, na muziki kwa aliye na bahati ya kukuta taarabu inapigwa harusini. Mji huu ulitoa Black Star na Lucky Star, vikundi vilivyoibadilisha taarabu ya bara, pamoja na bendi za Atomic Jazz na Jamhuri Jazz. Lakini hakuna mahali utakapolipa kiingilio ukaonyeshwa hayo. Unauliza muuza chai, anakuelekeza kwa mjomba wake.

Bahari

Kwa kuogelea, kote unahitaji kujua maji kabla ya kuvua viatu. Siku za bamvua, mwezi mwandamo na mwezi mpevu, pwani yetu hupwa mnamo saa 4 au 5 asubuhi na hujaa saa 10 au 11 jioni. Kila siku inayofuata ongeza dakika 50 hivi. Ufukwe wa Bagamoyo ni wa mteremko mdogo, kwa hiyo bamvua asubuhi utaikuta bahari imeondoka mbali na wewe umebaki na matope. Ghuba ya Tanga ina mikoko, na wenyeji huogelea Raskazone. Anayetaka mchanga mweupe aende mbele hadi Pangani. Huko ni safari nyingine.

Ukishindwa kuchagua

Familia yenye watoto wadogo au mzee wa kutembea taratibu: Bagamoyo, kwa bajaji. Wawili wenye miguu mizuri na Ijumaa ya kuondokea mapema: Tanga. Mwalimu wa Kiswahili, Tanga hata kama ana siku mbili pungufu.

Na kuna njia ya kuchukua yote bila kurudi Dar. Kutoka Bagamoyo kuna lami ya kilomita 64 hadi Msata, inayokutana na barabara kuu ya Chalinze na Segera. Ukifika Msata unapanda basi la Tanga linalotoka Dar. Shida yake ni siti: Ijumaa na siku za kufunga shule mabasi hupita yamejaa, na utasimama au utasubiri. Ukigeuza safari, shida inapungua. Anza na basi la moja kwa moja hadi Tanga ukiwa na siti yenye namba, kaa siku mbili, kisha rudi ushukie Msata na kumalizia Bagamoyo, ambako kurudi Dar ni daladala tu. Faida ya pili ni ya mwenye kununua: picha yako na kinyago chako vitasafiri kilomita 70 badala ya 350, na bomba la picha utalishika mkononi mwenyewe badala ya kulikabidhi buti ya basi chini ya gunia la machungwa ya Muheza.